Mteja Anayekuja kwa Baiskeli



Nikialikwa kuzungumzia baiskeli katika jiji hili, mara nyingi mwaliko huhusu barabara kuu. Njia ya baiskeli ipite upande gani wa Barabara ya Morogoro, iwe na upana gani, itenganishwe vipi na magari. Ni hoja za maana na wapo waliozipigania kwa jasho. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, walikuwa wakifanya misafara barabarani kudai njia hizo kabla basi la kwanza la mwendokasi halijaanza kazi mwaka 2016. Leo lakini nimeomba ruhusa niiache barabara kuu kwa muda, twende dukani.

Tegeta hadi Posta ni kilomita ishirini na ushee. Hata njia ya baiskeli ikisakafiwa vizuri na kupandwa miti, karani mwenye shati jeupe hatapanda baiskeli kila asubuhi katika joto la Februari. Ataendelea kugombania basi, na simlaumu. Karani huyohuyo, Jumamosi, anahitaji kilo mbili za sukari, dawa ya mbu, na bawaba ya kubadilisha kwenye mlango wa choo. Duka lenye vitu hivyo liko kilomita moja na nusu kutoka nyumbani kwake. Kwa miguu ni dakika ishirini za jua. Kwa bodaboda, tuseme buku kwenda na buku kurudi. Kwa baiskeli ni dakika saba, bila haraka. Safari ya aina hii ndiyo inayofaa kwa baiskeli, na ndiyo ambayo hatujaipangia chochote.

Safari hizo nazo zinaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja hiyo ya nyongeza haikwenda kuishi Upanga. Sehemu yake kubwa imejenga au kupanga Goba, Kivule, Chamazi, Bunju, Kigamboni, na maduka yameifuata huko. Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006 tuliona ajabu kwamba mtu anaweza kumaliza manunuzi yake yote bila kushuka Kariakoo. Sasa Tegeta Kibaoni, Mbagala Rangi Tatu, Tabata, Kimara na Mbezi kuna kila kitu, kuanzia pasi ya umeme hadi suti ya harusi. Majengo hayo mapya yamejengwa kumsubiri nani?

Chukueni safu yoyote ya fremu kumi na mbili kando ya lami, tuitembee pamoja kutoka barabarani hadi kaunta. Kwanza ukingo wa lami, uliolika na mvua, wenye kina cha kiganja. Kisha mtaro wazi. Juu ya mtaro kuna slabu za zege zilizopangwa ili gari liweze kuvuka, na kati ya slabu na slabu pameachwa nafasi maji yapite. Tairi la baiskeli ya Phoenix lina upana wa sentimita nne hivi. Nafasi ile nayo ni hiyohiyo, au zaidi kidogo. Nafasi hizo hufuata mwelekeo wa safari, kwa hiyo gurudumu linatumbukia na mpandaji anafika dukani kwa kifua. Slabu zikisogezwa ili nafasi iwe nyembamba kuliko tairi, anapita kama kawaida. Kuzisogeza slabu hizo kunahitaji vijana wanne na mtaimbo, na kazi inaisha kabla ya chai ya saa nne.

Ukishavuka mtaro unaikuta pevingi, safi, imefagiliwa, na juu yake magari. Naomba siku moja mhesabu magari hayo ni ya nani. Mara nyingi moja ni la mwenye jengo, jingine la mwenye duka la dawa, la tatu la dada wa saluni, na la nne limeharibika tangu mwezi wa Ramadhani. Yamekaa hapo kuanzia saa mbili asubuhi. Mteja mwenye gari, yule ambaye kwa ajili yake pevingi yote ililipiwa, akifika anaegesha barabarani, anawasha taa za hatari, na daladala nyuma yake linapiga honi. Baada ya magari kuna ngazi tatu, kibaraza chembamba, halafu mlango wa grili. Kutoka lamini hadi mlangoni hakuna hata mahali pamoja pa kuegemeza baiskeli ambapo hutaambiwa, "Kaka, hapo sio."

Mnalijua neno hilo. Mlinzi wa supamaketi huwa hana ubaya, ameelekezwa tu. "Weka kule," anasema, na kule ni nyuma ya jenereta, jirani na pipa la takataka, mahali ambapo yeye mwenyewe hapaoni. Mteja anapiga hesabu: baiskeli ya laki mbili na zaidi iachwe pasipoonekana kwa ajili ya mkate na maziwa? Anageuza. Duka limempoteza mteja bila hata kujua kwamba alifika, na jioni mwenye duka atalalamika kwamba biashara imekuwa ngumu.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wapangaji wa miji hulizunguka. Tatizo la baiskeli ni la heshima kabla ya kuwa la zege. Jumamosi alfajiri hupita Masaki kundi la wapanda baiskeli wenye kofia ngumu na suruali za kubana, na wakisimama kunywa kahawa mlinzi huwasaidia kupanga vyombo vyao ukutani. Saa mbili baadaye anapita muuza madafu. Baiskeli yake imeongezwa karia ya nondo, madafu yamepangwa kwa ufundi pande zote mbili hadi gurudumu la nyuma halionekani, panga limechomekwa katikati, na kwa kuwa mzigo ni mkubwa anaisukuma zaidi kuliko kuipanda. Huyu akisimama mbele ya jengo hilohilo anafukuzwa. Mtasema yeye ni mchuuzi. Kweli, lakini mchuuzi huyo ananunua vocha, ananunua chakula cha mchana, na jioni akimaliza kuuza ananunua unga na mafuta ya kupeleka nyumbani, tena kwa fedha taslimu. Tumezoea kumtazama mwenye baiskeli kama mtu anayeuza au anayeomba njia, na hatumwoni kama mteja.

Wafanyabiashara mliokaa mbele mnatikisa kichwa. Najua hoja yenu kwa sababu nimeisikia katika vikao vingi: mteja wa maana anakuja na gari, ukimwondolea maegesho anahamia kwa jirani. Hoja hiyo haikuzaliwa hapa. Mwaka 2006 shirika la Sustrans la Uingereza liliwauliza wenye maduka wa Gloucester Road, mtaa mrefu wa maduka madogomadogo katika jiji la Bristol, wateja wao hufikaje. Wakakisia kwamba asilimia 41 huja na gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, waliokuja na gari walikuwa asilimia 22, na zaidi ya nusu walikuwa wametembea kwa miguu. Wenye maduka hawakusema uongo. Mwenye gari anaingia akilalamikia maegesho, anaweka funguo kaunta, unamkumbuka. Aliyetembea anaingia, ananunua, anatoka, wala hakumbukwi.

Miaka miwili baadaye huko Australia, Alison Lee, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne, alipima jambo jingine katika Lygon Street, mtaa wa migahawa na maduka. Alikuta kwamba mteja mwenye gari hutumia dola 27 kwa saa na mwenye baiskeli dola 16.20. Hadi hapo mwenye gari ameshinda. Lakini kwa hesabu yake nafasi ya gari moja inaingia baiskeli sita, na mara sita ya 16.20 ni dola 97.20 kutoka kipande kilekile cha ardhi.

Dola za Melbourne haziliwi Mbagala, na sitaki mtu atoke hapa akidai nimesema wapanda baiskeli wa Dar es Salaam ni matajiri. Ninachowaomba mchukue kutoka Bristol na Melbourne ni utaratibu wa kazi: simama mlangoni kwako na daftari, siku ya kazi moja na Jumamosi moja, uandike kila anayeingia amefika kwa usafiri gani. Haihitaji mtaalamu. Mtoto wa kidato cha pili aliye likizo ataifanya kwa soda na chipsi, na mtakuwa na takwimu zenu wenyewe badala ya kubishana na mimi.

Kuna jambo katika ununuzi wetu ambalo linampendelea mwenye baiskeli hapa kuliko hata huko Ulaya. Sisi tunanunua kidogokidogo. Mafuta ya kupima, sukari robo, nyanya za mafungu, sabuni kipande. Wachache sana wanajaza buti la gari mara moja kwa mwezi. Mzigo wa siku mbili unaingia kwenye kikapu cha mbele, na siku ya mzigo mzito karia ya kawaida inabeba kiroba cha unga cha kilo 25 bila kulalamika. Sasa mwangalieni mteja anayekuja kwa bodaboda mara kumi kwa mwezi. Akilipa buku kila upande, ameacha elfu ishirini barabarani kabla hajafika kaunta kwenu. Sina ugomvi na vijana wa bodaboda, na nitawarudia. Nasema tu kwamba fedha hiyo ingeweza kuishia kwenye droo yenu.

Basi tuje kwenye stendi, na hapa mtanivumilia kwa sababu nina maneno mengi.

Mahali pachache palipowekwa stendi za baiskeli, kilichowekwa ni kile kichanja cha chini chenye mianya ya kuchomeka gurudumu la mbele. Mwenye kukinunua anaona kimejaa nafasi kumi na anafurahi. Ila kichanja hicho kinashika gurudumu peke yake. Baiskeli yenye mzigo ikiyumba, rimu inapinda na spoku zinakatika. Tena kufuli linafunga gurudumu la mbele tu, ambalo mwizi mwenye spana hulifungua kwa dakika moja, akaondoka na baiskeli iliyobaki na kukuachia gurudumu lako likiwa limefungwa salama salimini.

Stendi inayofaa ni bomba la chuma lililokunjwa kama herufi U iliyopinduliwa, kimo cha sentimita 75 hivi kutoka chini, na miguu yake imezikwa ardhini kwa zege. Waingereza huiita kwa jina la mji wa Sheffield, mji wa chuma. Baiskeli inaegemea ubavu mzima, na mnyororo unapita kwenye fremu yake na gurudumu kwa pamoja. Stendi moja inabeba baiskeli mbili, moja kila upande. Ukiacha mita moja kati ya stendi na stendi, maegesho ya gari moja ya mita 2.5 kwa 5 yanatosha stendi tano, yaani baiskeli kumi. Bomba linauzwa kwa urefu wa karibu mita 6, na linatoa stendi mbili. Kila mtaa wa jiji hili una fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti ya maua na tausi. Huyu hatashindwa na herufi U.

Mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko stendi yenyewe. Iwe pale ambapo muuzaji akiinua macho kaunta anaiona. Iwe kivulini, kwa sababu siti nyeusi ikikaa juani saa sita hadi saa nane hakuna anayeikalia, na mama aliyevaa baibui ataitamani baiskeli yake akiwa mbali. Isikae kwenye njia ya mtu anayetembea na fimbo nyeupe wala ya kiti cha magurudumu. Mwisho wa safu iachwe nafasi pana zaidi kwa ajili ya baiskeli ya mzigo, ile ya karia ya nondo, maana ukimnyima mchuuzi nafasi yake ataiegesha mlangoni. Na usiku pawe na taa.

Ulinzi tayari tunaujua. Katika masoko ya miji mingi ya bara utamkuta kijana anayelinda baiskeli kwa malipo kidogo, na watu humwamini kuliko kufuli. Hapa Dar es Salaam mlinzi wa kuangalia magari yupo, analipwa, na anakaa palepale. Kumwongezea stendi tano za kuangalia kunahitaji maelekezo tu kutoka kwa aliyemwajiri. Badala ya "weka kule" aseme "weka hapa."

Na fundi baiskeli. Jengo jipya likiinuka, mtu wa kwanza kuondoshwa ni yule fundi aliyekuwa chini ya mwembe na beseni lake la maji la kutafutia pancha, pampu ya mguu, na viraka vilivyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mwembe nao hukatwa. Anahamishiwa ndani ndani huko, na mwenye pancha anasukuma kilomita nzima. Ningekuwa na jengo, ningempa fundi huyo mita mbili za kivuli bure, pembeni ya stendi. Anaona kila anayefungua kufuli, anamjua kila mwenye baiskeli wa mtaa kwa jina la utani, na mteja anayesubiri kiraka kikauke atanunua walau maji. Ulinzi wa namna hiyo hauna mshahara.

Stendi haitasaidia kitu kama kufika kwenyewe ni kujitoa mhanga, kwa hiyo twende sasa barabarani, lakini barabara ndogo. Mwendo wa kisheria maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na tunajua unavyoheshimiwa. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo. Gari la kilomita 50 linabeba karibu mara tatu ya nguvu ya gari hilohilo likienda kilomita 30. Ndiyo maana Tamko la Stockholm la mwaka 2020, lililotokana na mkutano wa mawaziri wa nchi nyingi juu ya usalama barabarani, lilitaka kilomita 30 ziwe kikomo pale ambapo watu na magari huchanganyika. Mbele ya safu ya maduka ndipo mahali penyewe. Hapo panahitajika matuta yaliyojengwa kwa vipimo, kivuko kilichoinuliwa, na kona zilizobanwa ili gari lisiingie sevisi rodi kwa kasi ya barabara kuu.

Kwamba mambo hayo yanawezekana kwa fedha za kawaida limeshaonekana jijini humu. Shirika la Amend limekuwa likitengeneza mazingira ya barabara za shule, kwa matuta, njia za miguu, alama, na nguzo fupi za kuzuia pikipiki zisipande njia ya watoto. Mradi wao huo, SARSAI, ulipewa Tuzo ya WRI Ross ya miji mwaka 2019. Dawa hizohizo zinafaa mbele ya maduka, tena mtoto anayetumwa dukani na baiskeli ya kaka yake ndiye yuleyule wa shuleni.

Lakini njia bora ya kufika dukani mara nyingi haipiti mbele kabisa. Sinza inatufundisha. Eneo lile lilipimwa katika miaka ya 1970, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa pia na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Urithi wake ni mitaa ya nyuma iliyonyooka na kuunganika. Mtu anaweza kutoka nyumbani hadi Sinza Madukani bila kugusa lami kubwa ila sehemu ya mwisho. Mkitaka kumkaribisha mwenye baiskeli Sinza, mfungulieni upande wa nyuma: taa moja, mtaro uliofunikwa, stendi kwenye kona, na mlango wa pembeni usiofungwa kwa kufuli la mwaka juzi.

Goba ni hadithi nyingine. Huko kila mtu alijenga ukuta wake kwanza, barabara ikajitafutia pa kupita. Kilichobaki ni vichochoro, upana wa mita moja au moja na nusu kati ya kuta mbili, ambavyo hakuna ramani inayovionyesha na kila mtoto anavijua. Kichochoro cha mita mia kinaweza kufuta mzunguko wa kilomita. Kwa mwenye baiskeli hicho ndicho barabara kuu. Na kila mwaka vinapotea, jirani mmoja anasogeza ukuta, mwingine anaweka geti, na serikali ya mtaa inashtuka wakati saruji imeshakauka. Wenyeviti wa mitaa mlio hapa, nawaomba mviorodheshe vichochoro vyenu kabla ya mradi wowote wa lami kufika. Hamtahitaji bajeti, mtahitaji daftari na mhuri.

Wanaodhani nazungumzia ndoto waende Tanga. Mtaa wa Ngamiani umepangwa kwa barabara zenye namba, zinazokatana kila baada ya nyumba chache, na maduka yametawanyika humohumo kati ya nyumba za kuishi. Dereva hawezi kukimbia kwa sababu njia panda ya pili imeshafika. Baiskeli zimeegemezwa kwenye baraza, na mzee wa kanzu anashuka, ananunua kashata na gazeti, anapanda tena. Tanga ni tambarare, mtasema, na joto lake limepoozwa na bahari. Kweli. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam nayo ni tambarare, na bahari ni hiyohiyo.

Sasa machinga. Njia za baiskeli zilizojengwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mwendokasi, mradi ulioliletea jiji hili Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, zina sehemu ambazo hutapita kwa sababu ya meza za biashara, na sehemu ambazo hutapita kwa sababu ya pikipiki. Mwaka 2021 wachuuzi waliondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Leo pitieni jioni mkaone wangapi wamerudi. Wanarudi kwa sababu wateja wapo hapo, na mteja wa jioni hafuati soko lililojengwa mahali anapopajua diwani peke yake. Mimi si wa kundi la wanaotaka kufagia. Mchoro usiompangia mchuuzi mahali pake unamkabidhi njia ya baiskeli. Mpeni mita moja na nusu upande wa maduka, chini ya mti, mbele yake njia ya miguu, kisha ndipo ije njia ya baiskeli ikiwa imeinuliwa kidogo kutoka lamini. Meza ikisogea, itaigusa njia ya miguu kwanza, na watembea kwa miguu wa Dar es Salaam wanajua kujitetea.

Bodaboda wana kijiwe, na kijiwe kiko penye kivuli kizuri kuliko vyote. Wakisikia stendi ya baiskeli watadhani wanaondolewa. Wanaopanga mambo wawaite mapema, wagawane kivuli hicho, na ikiwezekana kijiwe chenyewe kisimamie malipo ya kulinda baiskeli. Kijana anayesubiri abiria saa nzima bila kupata atazikubali shilingi mia mbili mia mbili za kuangalia baiskeli tano. Abiria wa mbali, wa mvua na wa usiku watabaki wake.

Upinzani utakuwepo, na msiuogope sana. Groningen, mji wa kaskazini mwa Uholanzi, mwaka 1977 iligawa eneo lake la katikati vipande vinne ili gari lisiweze kukatiza kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kuzungukia barabara ya nje. Wenye maduka walikasirika, walitabiri kufilisika. Leo mji huo ni wa kupigiwa mfano kwa baiskeli, na maduka yapo. Sisi hatujafika hata robo ya ukali huo. Ninachokiomba ni nafasi ya gari moja katika kila safu ya maduka, tena ianze na lile gari bovu la Ramadhani.

Kinachotukwamisha zaidi ni nani mwenye idhini. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Mitaa, tangu 2017, ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kibali cha ujenzi kinatoka manispaa. Pevingi ni ya mwenye jengo, fremu ni ya mpangaji, na mtaro, ukiziba, si wa mtu. Hifadhi ya barabara kuu inafika mita 30 kutoka katikati kila upande, na majengo mengi ninayoyazungumzia yana alama ya X ya kubomolewa ukutani au yameponea chupuchupu. Mwenye jengo hawezi kumwaga zege la kudumu mbele yake, hata akitaka. Manispaa zinaweza kusaidia kwa jengo jipya: mchoro unaoonyesha nafasi za magari uonyeshe na za baiskeli, tena karibu na mlango, au urudishwe kwa mchoraji. Hilo ni la mezani, halihitaji bunge.

Kwa majengo yaliyokwisha simama, kuna njia ya fundi. Stendi tano zinachomelewa juu ya vyuma viwili virefu vya pembe, kama ngazi iliyolazwa, bila kuchimba popote. Uzito wake unazuia mwizi, ila TANROADS wakija na greda, watu wanne wanaweza kuiinua, na kuirudisha wakiondoka. Mwenye fremu akihama anahama nayo. Nimemwomba fundi mmoja wa jirani achomelee moja, ipo pale nje kushoto kwa geti, na vipimo vyake amevibandika kwenye karatasi. Hajaipaka rangi bado, kwa hiyo wenye nguo nyeupe msiiegemee. Bei mtapatana naye wenyewe. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.